Ukiagiza mafuta ya kula au mchele, fuatilia India inaelewana vipi na nchi za ASEAN

Vijana wanaoingia kwenye biashara ya kuagiza chakula hapa Mombasa huwa wananiuliza, nifuate habari gani ili bei isinikute nimelala? Wengi wanategemea nitataja dola, au bei ya dizeli, au meli kule Bahari ya Shamu. Hayo nayo yaangalie, lakini mimi jibu langu la kwanza ni hili, angalia India imeamkaje na Indonesia, imeamkaje na Malaysia, Thailand, Vietnam na Ufilipino, yaani nchi za ASEAN, jumuiya ya Asia ya Kusini-Mashariki. Nimekaa miaka mingi kwenye idara ya manunuzi, nilianza na mafuta ya kula halafu nikaongezewa mchele, na bei nyingi zilizotushtua zilitoka huko, kwenye mazungumzo ya watu ambao hata sisi hawatufikirii.

Sababu yenyewe ni hii. Duniani hakuna anayeagiza mafuta ya mawese kumshinda India, kwa mwaka huchukua kati ya tani milioni 7 na 10, na Indonesia na Malaysia wao wawili tu ndio wanaotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. Sisi tuko kwenye foleni ya duka hilo hilo, nyuma ya mteja mkubwa sana, akinunua sana tunabaki na bei ya juu na akiondoka muuzaji anatutafuta yeye mwenyewe. Ukija kwenye mchele mambo yanageuka, huko India ndiye muuzaji, mwaka 2022 karibu asilimia 40 ya mchele uliouzwa kati ya nchi na nchi ulikuwa wake, Thailand na Vietnam ni washindani wake, halafu Ufilipino, Malaysia, Indonesia na Singapore ni wanunuzi. Kwa hiyo huyu anamtegemea yule kwa mafuta na yule anamtegemea huyu kwa mchele, na ukishaelewa hilo habari nyingi za huko zinaanza kueleweka.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, usipoteze muda na matamko ya viongozi, ya kupiga picha wakiwa wameshikana mikono. Historia ijue kidogo tu ikutoshe. India ilianza kugeukia mashariki mwaka 1991 wakati wa waziri mkuu Narasimha Rao, uchumi wake ulikuwa umebanwa vibaya sana, mwaka 1992 ikaingia ASEAN kama mshirika wa sekta chache tu, 2002 wakaanza mikutano ya wakuu wa nchi, 2014 waziri mkuu Modi akaja na kauli kwamba sasa ni vitendo si kutazama tu, na 2022 wakaupandisha uhusiano daraja la juu kabisa. Sawa. Lakini chenye faida kwako wewe mnunuzi ni mkataba wa biashara ya bidhaa kati ya India na ASEAN uliosainiwa Bangkok Agosti 2009 ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2010, na humo ndani usisome kurasa za mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya bidhaa zilizowekwa pembeni.

Nilipoisoma orodha hiyo ndipo nikaelewa kazi yangu. Bidhaa nyingi ushuru wake ulipangiwa kushuka au kufutwa kabisa, lakini mawese, kahawa, chai na pilipili manga zikapewa utaratibu wake peke yake. Kwa mawese ghafi India ilikubali kuteremsha kutoka asilimia 80 mpaka 37.5, na yaliyosafishwa kutoka 90 mpaka 45, polepole hadi mwisho wa 2019. Angalia hapo vizuri, hicho ni kikomo cha juu tu. Chini ya hapo Delhi, yaani serikali ya India, iko huru kushusha na kupandisha inavyotaka, leo hivi kesho vile, na haijavunja mkataba wowote. Na ndivyo inavyofanya. Septemba 2024 mzigo wa ushuru kwa mafuta ghafi ya kula ulitoka asilimia 5.5 ukaruka mpaka 27.5 ili wakulima wao wa soya na mbegu za mafuta wapate bei, halafu mwisho wa Mei 2025 ukashushwa mpaka 16.5 kwa sababu wananchi walikuwa wanalia na bei jikoni. Mkulima wao akilia ushuru unapanda, mama wa nyumbani akilia unashuka, na sisi huku anayeuza viazi karai sokoni Kongowea anaipata habari hiyo kwenye bei ya jerikeni bila kujua imetoka wapi.

Na kuna kitu nimekiona ambacho sijawahi kukisoma popote, nakupa bure. Haya mambo wanapenda kuyatangaza Ijumaa. Ule ushuru wa Septemba 2024 ulitangazwa Ijumaa tarehe 13. Punguzo la Mei 2025, Ijumaa tarehe 30. India ilipozuia ngano yake kuuzwa nje Mei 2022 ilikuwa Ijumaa, na Indonesia ilipotangaza kufunga mafuta yake yasiuzwe nje Aprili 2022 pia Ijumaa. Soko la mawese la Kuala Lumpur, ambalo ndilo linaloongoza bei, kwa saa zetu linafunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na kipindi cha mchana kinafungwa saa saba, sasa tangazo likitoka Ijumaa jioni soko limeshalala mpaka Jumatatu. Kwa hiyo mimi ofa ya bei niliyopewa Ijumaa asubuhi sikubali kuiacha ining'inie mpaka Jumatatu, ama nafunga bei Ijumaa hiyo hiyo kabla ya saa saba ama nasubiri bei mpya. Na Jumatatu alfajiri niko macho mapema.

Jambo la pili, maneno ya wanasiasa wa huko yana uzito wa tani. Usiyapite hivi hivi ukadhani ni siasa tu. Septemba 2019 Mahathir Mohamad, wakati huo waziri mkuu wa Malaysia, alisimama kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akasema India imeivamia na kuikalia Jammu na Kashmir, eneo ambalo India na Pakistan wanaligombania. Oktoba chama cha wasindikaji mafuta pale Mumbai kikawaambia wanachama wake waache kununua mawese ya Malaysia. Tarehe 8 Januari 2020 serikali ya India ikaweka kizuizi kwa mafuta yaliyosafishwa kutoka nje, na kwenye karatasi jina la Malaysia halikuandikwa popote, lakini kila mtu kwenye biashara alijua nani anapigwa maana Malaysia ndiyo iliyokuwa inawauzia sana yaliyosafishwa. Mahathir mwenyewe alikiri kwamba nchi yake ni ndogo mno kulipiza. Wakaongeza kununua sukari ya India kupoza mambo. Februari Mahathir akaondoka madarakani, na Mei 2020 wanunuzi wa India wakarudi Malaysia, na wakati huo huo Malaysia ikasaini kununua tani 100,000 za mchele wa India. Tani laki moja! Kwa Malaysia hicho ni kiasi ambacho ilikuwa haijawahi kununua kutoka India kwa mkupuo.

Kwa miezi ile wanunuzi wa India walikimbilia Indonesia wakawa tayari kulipa zaidi kidogo, na Malaysia ikabaki na mafuta yake. Dalali ambaye siku zote hujibu meseji zangu kwa neno moja alianza kunipigia yeye simu. Basi ukisikia wakubwa wawili wamenuniana, usiulize nani ana haki (hiyo iulize ukiwa nyumbani), uliza nani amebakiwa na mzigo, halafu mpelekee ofa yako huyo siku hiyo hiyo kabla hawajapatana, kwa sababu watapatana tu, hawa hawawezi kuachana.

Kufunga kwa Indonesia mwaka 2022 nadhani wengi mnakukumbuka hata kama hamkujua chanzo. Bei ilikuwa tayari juu kwa sababu ya vita vya Ukraine na alizeti iliyokwama, mawese Kuala Lumpur yakapita ringgit (pesa ya Malaysia) 7,000 kwa tani, halafu rais Joko Widodo akatangaza kwamba kuanzia tarehe 28 Aprili mafuta hayatoki nchini mpaka bei ya ndani ishuke. India ilichanganyikiwa kuliko sisi maana zaidi ya nusu ya mafuta inayokula inaagiza. Hapo nikajifunza kuhesabu matangi, kwamba nchi inayovuna vile kila siku haina pa kuhifadhi, matangi yakijaa viwanda vinaacha kununua matunda ya mchikichi kwa wakulima, na mkulima akikosa pa kuuza anaingia barabarani. Na waliingia kweli, Mei waliandamana Jakarta, na tarehe 23 Mei zuio likaondolewa. Kufika Julai bei ilikuwa chini ya ringgit 4,000. Kwa hiyo muuzaji akikwambia zuio la mzalishaji mkubwa litadumu mwaka mzima, nunua stoo nzima sasa hivi, muulize matangi yao yanabeba uzalishaji wa wiki ngapi, akikosa jibu nunua ya mwezi tu.

Mchele ni tofauti, na hapa nataka mnisikilize kwa makini kwa sababu mchele hauna tatizo la tangi. India ina maghala ya serikali na inaweza kufunga ikakaa. Tarehe 20 Julai 2023 ilizuia mchele mweupe usio basmati kuuzwa nje na mlango ule haukufunguliwa mpaka Septemba 2024, zaidi ya mwaka. Bei za Thailand na Vietnam zikapanda mpaka kiwango kilichokuwa hakijaonekana kwa takriban miaka 15. Lakini kulikuwa na mlango wa pembeni, na mlango huo ni wa kidiplomasia. Singapore ilipata tani 50,000, Ufilipino 295,000, Malaysia 170,000, yote serikali kwa serikali, na Agosti 2024 waziri mkuu wa Malaysia Anwar Ibrahim alipokwenda Delhi akarudi na ahadi ya tani 200,000 nyingine. Si pesa peke yake iliyofanya hivyo, pesa kila mtu alikuwa nayo. Ni uhusiano. Waliokwishajenga urafiki na Delhi walipata chakula mapema wakati wengine tulikuwa bado tunagombania mchele wa Pakistan kwa bei ya kuruka. Mimi hili linaniuma kwa kweli, na kila nikikutana na watu wetu wa biashara na mambo ya nje nawaambia, ubalozi Delhi ni ghala la akiba, uhudumieni hivyo, msingoje njaa ndiyo mkaanze kupiga hodi.

Kwa hiyo zuio la mchele likitoka, soma mpaka mwisho wa tangazo. Mara nyingi kuna mstari unasema serikali ya India inaweza kuruhusu kwa nchi nyingine kwa ajili ya usalama wa chakula kwa ombi la serikali yao. Mstari huo ndio wa kuwapelekea wakubwa, na uwapelekee mkiwa kundi, waagizaji kwa pamoja, si kila mtu na barua yake.

Kuna mengine mnayasikia, ile barabara ya kutoka Manipur kupita Myanmar mpaka Thailand, kilomita kama 1,360, imekwama kwa sababu ya vita vya Myanmar, msiisubiri. Makombora ya BrahMos ambayo India iliyauza yakafika Ufilipino 2024 yanahusu zaidi China. Malipo ya simu kati ya India na Singapore yaliyounganishwa Februari 2023 ni mazuri kwa wafanyakazi wanaotuma pesa nyumbani, kwa mizigo ya meli bado.

Kinachostahili macho ni mapitio ya ule mkataba wa 2009. India inalalamika miaka yote kwamba umewafaidi wenzake zaidi, pengo lake la biashara na ASEAN limepita dola bilioni 40 kwa mwaka, na inashuku bidhaa za China zinapitishwa huko zikibadilishwa nguo tu. Ndiyo maana Novemba 2019 ilikataa kuingia kwenye RCEP, lile soko huria kubwa la nchi za Asia na Pasifiki, pamoja na China, na Septemba 2020 forodha yao ikaanza kumdai mwagizaji mwenyewe aonyeshe ushahidi wa bidhaa ilikotoka, cheti cha uasili peke yake hakitoshi. Mazungumzo ya mapitio walilenga kuyamaliza 2025. Wakigusa vikomo vya mawese, hata kwa asilimia chache, hesabu zako za mwaka mzima zinabadilika, na habari hiyo utaiona kwanza kwenye magazeti ya biashara ya India na Malaysia siku kadhaa kabla haijafika huku, yapo mtandaoni, yasome na chai ya asubuhi.

Na kwenye mkataba wako na muuzaji, kabla hujasaini, tafuta kipengele cha zuio la serikali. Mikataba mingine inasema zuio likija muuzaji anaongezewa muda, basi, hakuna neno kuhusu wewe uliyekwisha lipa amana benki. Omba iandikwe kwamba zuio likipita siku 30 una haki ya kuvunja na amana irudi yote, na omba pia ruhusa ya kuletewa mzigo wa nchi nyingine kwa bei hiyo hiyo, yaani ya Indonesia yakifungwa apakie ya Malaysia. Muuzaji mkubwa ana mafuta pande zote mbili, bandari ya Dumai kule Indonesia na Pasir Gudang kule Malaysia, anaweza. Atakataa mara ya kwanza. Soko likiwa limelala, wakati India imepandisha ushuru na wanunuzi wake hawanunui, atakubali, na hiyo ndiyo wiki ya kumpigia.