Kabla ya kulisifia bakuli la chai, ligeuze

Wengi tunaoingia kwenye vyombo vya chai vya Kijapani huanza na majina ya aina zake: Shino, Oribe, Karatsu, Hagi, Bizen. Nilipopewa kibarua kwenye ghala la mkusanyiko mmoja, majina nilikuwa nimeyakariri yote, bakuli sijawahi kushika hata moja. Wiki ya pili nikaandika "Karatsu" kwenye kadi ya bakuli lililochorwa majani kwa rangi ya kahawia. Aliyekuwa akinifundisha hakusema neno, alilipindua tu. Udongo wa kitakoni ulikuwa mweupe uliofifia, wa chengachenga. Lilikuwa la Mino, eneo la wafinyanzi mkoani Gifu, ambako mafundi waliwaiga wenzao wa Karatsu hadi kwenye michoro.

Kwa hiyo anza na kitako. Vua pete, saa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Tandika blanketi mezani, keti, kisha nyanyua kwa mikono miwili, shubiri moja tu juu ya meza. Ukingoni usishike. Mabakuli ya karne ya 16 na 17 si ajabu kukuta ukingo ulivunjika ukaungwa kwa laka na unga wa dhahabu, na kiungo hicho hakikuwekwa ili ubebee bakuli.

Juu kunadanganya. Shino ina utando mweupe mzito wa mawe ya felspa yaliyosagwa, wenye vitundu. Wajapani huufananisha na ngozi ya yuzu, tunda la jamii ya ndimu, mimi naona ganda la danzi. Ukiutazama huo tu, umeishia kwenye nguo. Kitakoni mara nyingi fundi ameacha udongo mtupu.

Arakawa Toyozo alilijua hilo. Mwaka 1930 wataalamu walikuwa wakiamini Shino za kale zilichomwa Seto, mji mwingine wa wafinyanzi. Yeye, mfinyanzi, alionyeshwa mjini Nagoya bakuli la Shino lenye mchoro wa chipukizi za mwanzi, akaona ndani ya kitako kimenata kipande kidogo cha udongo mwekundu, ule wa kuwekea vyombo tanuruni. Haukumwelekea kuwa wa Seto. Siku chache baadaye alikuwa Mino, kwenye magofu ya tanuru la Mutabora, akaokota kigae chenye mchoro uleule wa chipukizi. Imani ya miaka mingi ikaondoka na punje ya udongo.

Karatsu ya kweli ina historia ya machungu: wafinyanzi wengi waliletwa kutoka Korea wakati mtawala wa Japani, Hideyoshi, alipoivamia nchi hiyo, 1592 hadi 1598. Tazama kitako chake: mara nyingi upande mmoja mnene kuliko mwingine, kama mwezi mwandamo, na udongo uliokatwa umejikunja mikunjo midogomidogo. Hagi nayo utaikuta imechanjwa pengo kitakoni.

Sanduku la mbao lenye maandishi lisome, ila mwishoni. Sanduku huweza kuhama likapewa bakuli lisilo lake.

Na ukipata nafasi ya kushika vigae vya vyombo vilivyovunjika, usiidharau hata kama wenzako wanakimbilia mabakuli mazima. Kigae kinakuonyesha unene wa utando na tumbo la udongo kwa pamoja, na hakuna atakayekukemea ukikigeuza mara ishirini.