Je, benki hujifunza chochote kutoka kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo?

Ndugu yangu, umeuliza kama benki inapata faida yoyote kwa kumpokea mwanachuo, au anaishia kutoa fotokopi tu. Inapata, lakini inategemea anavyozungushwa katika idara mbalimbali.

Mfano mzuri ni benki ya Equity ya Kenya. Tangu 1998 imekuwa ikichukua vijana waliofaulu vizuri kidato cha nne, ikiwaajiri kwa muda kwenye matawi kabla hawajaingia chuo kikuu. Kijana anajifunza kuhudumia wateja, kukagua vitambulisho, kufunga hesabu za siku. Benki nayo inamwona akiwa kazini kwa miezi, jambo ambalo usaili wa nusu saa hauwezi kukuonyesha.

Upande wa benki kujifunza ndio unaosahaulika, na unaniuma. Mgeni huuliza "kwa nini?" pale wenyeji walipokwisha kuzoea. Mimi nilipokuwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye tawi moja, niliona mteja anaandika jina na namba ya simu mara tatu kwenye fomu tofauti. Nililiweka jambo hilo kwenye ripoti yangu ya chuo. Chuo kilisahihisha, nikapata maksi, na tawi halikuisoma kamwe.

Kwa hiyo ukienda, omba kuzungushwa: huduma kwa wateja, mikopo, mawakala. Kaunta ya fedha utaangalia tu, hiyo ni sawa kwa usalama. Halafu nakala ya ripoti mpe meneja mkononi, umwombe dakika kumi uieleze mbele ya wafanyakazi.