Kiwanda kikija, fundi mwashi anapata nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mwashi hapa Masasi, na ninafyatua tofali za saruji kwa kalibu ya mkono. Tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kizinduliwe Mtwara mwaka 2015, tumekuwa tukiambiwa kwamba viwanda vitakuza ujenzi, na sasa tunasikia habari za viwanda vya kubangua korosho. Je, nikope ninunue mashine ya kufyatulia tofali?

JIBU: Ndugu msomaji, kiwanda huwapa watu wa ujenzi kazi mara mbili, na mara hizo hazifanani. Ya kwanza ni pale kinapojengwa chenyewe, ambapo waashi, mafundi nondo, wachomeleaji na vibarua huhitajika kwa wingi, vyumba vya kupanga hujaa na bei ya mchanga na kokoto hupanda. Kazi hiyo huisha siku mkandarasi anapoondoa mitambo yake, kwa hiyo usikope kwa kuitegemea.

Kiwanda cha saruji kina faida nyingine kwako. Saruji ni mzigo mzito wa thamani ndogo, na sehemu kubwa ya bei yake huliwa na nauli; kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lori la kuja kusini lilivuka Mto Rufiji kwa kivuko. Kiwanda chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka kikiwa mkoani kwako, safari hiyo haipo tena. Lakini saruji ya karibu haimjengei nyumba mtu asiye na fedha mfukoni.

Mara ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, hutokana na mishahara. Unaijua hali ya Masasi: minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, mabati na saruji hutoka madukani kwa fujo, anayeezeka anaezeka na aliyeishia kwenye lenta anapandisha, ikifika masika, kalibu yako inakauka ukutani. Korosho zikibanguliwa hapahapa badala ya kusafirishwa zikiwa ghafi, wabanguaji, ambao wengi wao ni wanawake, watalipwa hata katika miezi hiyo isiyo na fedha, na mtu anayelipwa kila mwezi hujenga chumba kimoja kimoja mwaka mzima. Huyo ndiye mteja wa fundi.

Hata hivyo, tumewahi kuumia. Nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, vikajengwa viwanda vikubwa vya kubangua, kisha mavuno yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na majengo mengi yakageuka maghala. Inasikitisha kuyaona hadi leo.

Kwa hiyo endelea na kalibu kwa sasa, umwagilie tofali zako maji angalau siku 7 ili jina lako litangulie. Ukikopa, omba marejesho makubwa yaangukie kati ya Novemba na Januari. Na kabla ya kusaini, nenda kwenye hicho kiwanda kipya cha korosho uulize jambo moja: je, ghalani wana korosho za kuwafikisha Agosti, ili mishahara isikatike kabla ya msimu mpya?