Jibu: mzee wa Keya kuzikwa bila bendera

Umeuliza mbona yule mzee wa Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles, alozikwa Wete huku Pemba hakupigiwa bunduki wala kufunikwa bendera. Mie alikuwa jirani yangu, nikwambie. Kwanza si Mpemba, Mnyamwezi wa Tabora yule, alikuja kuchuma karafuu baada ya vita akaoa hapahapa ndo ikawa basi tena. Vita vyenyewe vya Burma, Myanmar ya leo, Vita vya Pili vya Dunia, Keya walipelekwa kwa meli mpaka Ceylon, Sri Lanka ya leo, halafu 1944 wakaingizwa bonde la Kabaw huko Burma, mvua, matope, malaria, akisema Mjapani humuoni ila ruba unao kila siku. Na njiani ndo usiseme, meli ya Khedive Ismail ilotoka Mombasa ilizamishwa Februari 1944, roho karibu 1,300, mamia yao askari wa Afrika Mashariki.

Sasa kafariki alfajiri, maiti kwetu haiwekwi, wa kumngoja mpiga tarumbeta nani? Kaoshwa, sanda, kasaliwa baada ya adhuhuri, jeneza likapokezanwa mpaka kaburini, akalazwa mwanandani, ule mchimbo wa ubavuni mwa kaburi, akafunikwa viunza vya mbao, kisha akasomewa talakini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake. Nyota yake ya Burma, medali ya vita vile, mjukuu kaiweka kwenye kopo la biskuti, mara ya mwisho niliiona imeshika kutu kwenye pini.