Je, samaki kipofu wa mapangoni ni spishi tofauti?

SWALI: Nafundisha baiolojia kidato cha tano. Wanafunzi wameona picha mbili za samaki wa Meksiko: wa mtoni, mwenye macho na magamba ya rangi ya fedha, na wa pangoni, aliyepauka, asiye na macho kabisa. Wote wanaitwa *Astyanax mexicanus*. Kwa nini wasihesabiwe spishi mbili?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kushangaa. Mwaka 1936 watafiti Hubbs na Innes walipomwelezea kisayansi samaki wa pango la Cueva Chica, walimpa hata jenasi (kundi la juu ya spishi) yake mwenyewe: *Anoptichthys jordani*. Baadaye jina hilo liliachwa, kwani ndani ya pango hilohilo walipatikana samaki wenye macho kamili, wenye macho yaliyodumaa na wasio na macho, wote wakizaana.

Ukimpandisha wa mtoni na wa pangoni, watoto wanakuwa na macho, ingawa madogo, nao huzaa bila shida. Kwa kipimo cha kuzaana, basi, hawa ni spishi moja.

Lakini hoja inayonishawishi zaidi ni hii. Samaki hawa wanaishi katika mapango takriban 30 kaskazini mashariki mwa Meksiko. Mwaka 2008 mtafiti Richard Borowsky alichapisha matokeo ya kupandisha vipofu wa mapango tofauti. Vifaranga waliwekwa majini na kuzungushiwa mistari inayotembea, anayeona huifuata. Baadhi waliifuata! Wazazi wote vipofu, mtoto anaona. Sababu ni kwamba kila pango limeharibu jeni zake tofauti, hivyo kasoro ya baba inafidiwa na jeni nzima ya mama, na ya mama inafidiwa na ya baba. Upofu umetokea zaidi ya mara moja, kila ukoo kivyake. Tukiwakusanya vipofu wote katika spishi yao peke yao, tutakuwa tunaunganisha koo ambazo hazikupofuka pamoja na kuzitenga na ndugu zao wa mtoni. Wapo wenzangu wanaotaka majina tofauti, ila mimi naona ushahidi huu unawaelemea.

Waambie pia kwamba kiinitete cha samaki wa pangoni huanza kuunda jicho, kisha lenzi hufa na jicho zima hudidimia. Watafiti Yamamoto na Jeffery walipandikiza lenzi ya samaki wa mtoni kwenye kiinitete hicho, na jicho likakua.

Jibu hili lisitumike kila mahali. Vipofu wa pango la Al Hoota, Oman, nao wanahesabiwa pamoja na ndugu zao wenye macho wa mabondeni. Lakini *Caecobarbus geertsii* wa mapango ya Mbanza-Ngungu, Kongo, aliyeelezwa mwaka 1921, ni spishi kamili. Vivyo hivyo *Phreatichthys andruzzii* wa Somalia: amepoteza macho, rangi na hata magamba, na hakuna samaki wa juu ya ardhi anayehesabiwa naye katika spishi moja.