Picha za familia mtandaoni: panga watu kwanza, programu baadaye

Katika ukoo wetu kazi ya picha imeniangukia mimi. Mtoto akizaliwa, harusi ikiisha, hata msiba ukipita, ujumbe huanza kuingia: "Tutumie picha." Ndugu zangu wametawanyika. Wengine wako nchi za mbali, wengine ni wazee ambao kila mabadiliko kwenye simu huwachosha, na wengine ni vijana ambao picha haikai dakika tano mkononi mwao kabla haijasambaa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nitumie programu gani ili picha zetu zisionwe na wasiohusika? Mimi huuliza kwanza: unataka azione nani hasa? Taja majina.

Ninasisitiza majina kwa sababu nimeona jinsi picha za familia zinavyotoka nje. Mara nyingi hakuna mdukuzi. Picha hutoka kwa ndugu mwenye nia njema kabisa, anayempenda mtoto, anayeipakua na kuiweka status kwa fahari. Status ya WhatsApp, usipoigusa mipangilio, huonekana kwa watu wote uliohifadhi namba zao nao wakahifadhi yako: bosi, fundi, mteja wa zamani, mtu uliyenunua kwake gari. Hapo picha uliyoituma kwa watu wanane imeshafika kwa mamia, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Kwa hiyo mimi hugawa watu katika duara tatu. La ndani ni wazazi wa mtoto, babu na bibi, na ndugu wa tumbo moja. Hawa hupata picha za kila siku. La kati ni mashangazi, wajomba, binamu, mashemeji na marafiki ambao wangeweza kuingia nyumbani bila kubisha hodi. Hawa hupata picha za matukio. La nje ni kila mtu mwingine, na huko naweka tu picha ambayo nisingejali ikibandikwa kwenye ukuta wa barabarani. Ukishayaandika majina ya duara la ndani kwenye karatasi, utaona ni machache kuliko ulivyodhani, na kuchagua programu kunakuwa jambo dogo.

Programu yenyewe ichaguliwe kwa kumtazama yule anayepata taabu zaidi na simu. Ukichagua njia salama sana ambayo bibi hawezi kuifungua, atamwomba mjukuu ampakulie picha zote na kumtumia kwa njia nyingine, na mjukuu atazituma kwenye kundi kubwa la ukoo ili kumaliza kazi. Njia rasmi ikiwa ngumu, watu watajitengenezea ya kwao, na hiyo huna udhibiti nayo. Ndiyo maana naona ni afadhali njia rahisi yenye usalama wa kutosha, ambayo kila mmoja ataitumia kweli.

Familia nyingi zimeishia kwenye kundi la WhatsApp, na siwalaumu. Kila mtu anayo, na tangu 2016 ujumbe wake umefumbwa kwa namna ambayo ni mtumaji na mpokeaji tu wanaoweza kuusoma. Kwa duara la ndani, kundi dogo linatosha kabisa. Shida zake ni za aina nyingine. Picha hupunguzwa ubora. Tangu 2023 unaweza kuchagua ubora wa juu unapotuma, lakini bado si faili halisi. Picha huzama chini ya salamu na pole, na baada ya mwezi hakuna anayeiona tena. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba simu za wapokeaji huihifadhi picha yenyewe kwenye matunzio (gallery) ya simu, na matunzio hayo mara nyingi hujipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kila mmoja. Picha moja sasa ina nakala kwenye akaunti kumi, baadhi zikiwa na nenosiri dhaifu. Waombe ndugu wazime uhifadhi wa moja kwa moja kwa kundi hilo. Waombe pia wawashe ulinzi wa nakala rudufu (backup) za mazungumzo, ambao WhatsApp iliuleta 2021 lakini haujiwashi wenyewe.

Na usiruhusu kundi la picha za watoto kuwa kundi la ukoo mzima. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Kundi la namna hiyo ni uwanja wa hadhara, hata kama wote mna jina moja la ukoo.

Kwa picha nyingi na za muda mrefu mimi hupendelea albamu ya pamoja. Google Photos, huduma ya Google ya kuhifadhi picha mtandaoni, ina faida ya kufanya kazi kwenye simu za aina zote, na kila aliyealikwa anaweza kuongeza picha zake, jambo linalosaidia sana baada ya harusi ambapo kila mtu alikuwa na simu yake mkononi. Lakini angalia kitu kimoja kabla ya kufanya lolote: kiungo (link). Albamu ikishirikishwa kwa kiungo, yeyote anayekipata anaweza kuifungua, hata asiye na akaunti. Kiungo hicho ni maandishi tu. Kinanakiliwa, kinatumwa mbele, kinabaki kwenye mazungumzo ya zamani. Zima ushirikishaji kwa kiungo, kisha waalike watu mmoja mmoja kupitia akaunti zao. Ni kazi ya nusu saa zaidi, lakini siku ukifungua orodha ya wanachama unaona nani yumo na unaweza kumtoa mtu.

Wenye iPhone wana albamu za pamoja za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ambazo zinapokea hadi watu 100 na picha na video 5,000. Nazo zina swichi ya tovuti ya umma. Iache imezimwa, kwa sababu ikiwashwa mtu yeyote mwenye anwani anaingia. Jua pia kwamba picha kwenye albamu hizo hupunguzwa ubora hadi pikseli (nukta za picha) 2,048 upande mrefu, hivyo usizifanye ndizo hazina yako. Tangu 2022 ipo pia maktaba ya pamoja, inayobeba picha kamili kwa watu wasiozidi sita. Hiyo ni ya mume, mke na watoto wao, si ya ukoo, kwa sababu kila mmoja anaweza kuhariri na kufuta.

Facebook naitumia kwa duara la nje tu. Hata ukichagua marafiki peke yao, ukimtaja mtu kwa kumwekea lebo kwenye picha, marafiki zake nao wanaweza kuiona, kwa kawaida bila wewe kujua ni akina nani. Wenye familia kubwa wanajua lebo zinavyomiminika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulitatua, nalo ni ruhusa. Nyumbani kwetu utaratibu ni kwamba picha ya mtoto haiwekwi popote mpaka wazazi wake waseme, na mtoto akizaliwa hakuna anayetangulia kutangaza kabla yao. Mtoto akishaweza kuelewa, naye anaulizwa. Baadhi ya watu huona huu ni ukali usio na maana kati ya ndugu. Mimi naona ni heshima ileile tunayodaiana katika mambo mengine. Sheria nazo zimeanza kuelekea huko. Uholanzi, mwaka 2020, mahakama ilimwamuru bibi mmoja aondoe picha za wajukuu wake kwenye Facebook na Pinterest baada ya binti yake kumwomba mara kadhaa bila mafanikio. Asipofanya hivyo, angelipa euro 50 kwa kila siku, hadi kufikia euro 1,000. Ufaransa mwaka 2024 ilipitisha sheria inayotambua wazi wajibu wa wazazi kulinda faragha ya sura ya mtoto. Kesi ile ya Uholanzi hunisikitisha kwa namna yake: suala la picha chache lilimfikisha mama na binti mbele ya hakimu. Mazungumzo ya mapema yangeweza kuwaokoa na hilo.

Namna ya kulisema ina uzito kuliko kanuni yenyewe, hasa kwa mkubwa wako. Usimtumie mjomba tangazo lenye masharti kumi. Mpigie. Mimi husema hivi: "Shangazi, nimefurahi sana ulivyoipenda picha ya mtoto. Naomba ibaki kwetu sisi, usiiweke status. Mama yake angependa aonwe na familia tu. Nitakutumia nyingine ambayo unaweza kuwaonyesha rafiki zako." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Watu hupenda kujivunia ndugu zao, na ukiwanyima njia zote watatafuta mlango. Kwa hiyo kila tukio mimi huchagua picha chache ambazo wazazi wameridhia, mara nyingi za watu wazima au za mtoto asiyeonekana sura vizuri, na kuwaambia wote kwamba hizo ni za kushirikisha. Tangu tuanze utaratibu huo, malalamiko yamepungua sana.

Picha hubeba zaidi ya sura. Simu nyingi huandika ndani ya faili tarehe, aina ya kamera na, kama uliiruhusu, mahali hasa ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa ya mahali huondolewa; ukiituma kama dokumenti ili ubora usipotee, faili huenda lilivyo, pamoja na mahali nyumba yako ilipo. Kwenye iPhone, unapobonyeza kushirikisha, juu kabisa kuna chaguo la kuondoa eneo. Kwenye Google Photos, albamu ina mpangilio wake wa kuonyesha au kuficha mahali. Wapo wanaoshauri kuzima eneo kwenye kamera moja kwa moja. Mimi sikubaliani nao kwa picha za familia, kwa sababu miaka ikipita utataka kujua picha ilipigwa wapi, na hakuna atakayekumbuka. Liache eneo kwenye nakala yako, uliondoe wakati wa kutuma. Halafu itazame picha yenyewe: sare ya shule yenye nembo, namba ya gari, namba ya nyumba, tiketi ya safari yenye jina kamili. Kukata pembe ya picha kunachukua sekunde chache.

Picha za watoto wakiwa watupu, wakioga au wakiwa wagonjwa, usizipakie popote, hata kwenye hifadhi yako binafsi ya mtandaoni. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliripoti habari za baba mmoja Marekani aliyempiga mwanawe picha kwa ajili ya daktari. Mfumo wa Google uliitafsiri kama picha ya unyanyasaji, akapoteza akaunti yake na kuchunguzwa na polisi. Polisi hawakumkuta na kosa, lakini akaunti hakurudishiwa. Daktari akihitaji picha, muulize ana njia gani salama ya kuipokea, kisha hakikisha simu haijaipakia yenyewe.

Kuhusu kudumu kwa picha, usimwamini mtoa huduma yeyote peke yake. Huduma ya picha ya Kodak Gallery ilifungwa 2012. Picasa, programu ya picha ya Google, iliachwa 2016. Google Photos iliyokuwa ikipokea picha bila kikomo ilibadilika tarehe 1 Juni 2021, na sasa unapata GB 15 za bure zinazogawanywa na barua pepe na mafaili yako. iCloud inakupa GB 5. Flickr, tovuti ya kuhifadhi picha, tangu 2022 inaruhusu akaunti ya bure picha 50 tu zisizo za umma, hivyo haifai tena kwa albamu ya siri ya familia bila kulipia. Na akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Picha halisi ziwe kwenye diski yako, na nakala ya pili ikae kwa ndugu mwingine, nyumba tofauti. Albamu ya mtandaoni ichukulie kama mahali pa kuonyeshana tu.

Familia hubadilika, na orodha ya wanachama inapaswa kubadilika nayo. Ndoa huvunjika, urafiki hupoa, simu huibiwa. Mimi huipitia orodha kila mwisho wa mwaka, na papo hapo pia pale jambo zito linapotokea. Kumtoa mtu hakufuti alichokwisha kukihifadhi kwake, kwa hiyo usingoje ugomvi ufike kileleni. Akaunti inayomiliki albamu iwe na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na msimbo, na namba ya kupokea misimbo iwe ile unayoitumia sasa.

Amua pia nani atashika funguo ukiondoka duniani. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika, ambapo unataja mtu atakayepewa data yako muda uliouchagua ukipita. Apple tangu mwishoni mwa 2021 inakuruhusu kuteua mtu atakayeweza kufungua akaunti yako. Atahitaji msimbo utakaopewa unapomteua, pamoja na cheti cha kifo. Mimi nimemteua mdogo wangu, tumekaa pamoja nikamwonyesha kila albamu iko wapi, nani yumo, na diski imewekwa wapi. Msimbo ameuchapa kwenye karatasi na kuuweka pamoja na hati zake.