Maswali Yenu: Shida Imebana, Niombe Vipi?

SWALI: Assalamu alaykum. Mume wangu anaumwa tangu masika. Pesa ya korosho ya msimu uliopita imeishia kwenye matibabu na deni la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Jirani ananiambia niende nikaswaliwe swala ya haja, ile ya kumwomba Allah mtu anapobanwa na shida, nipeleke ubani na shilingi elfu hamsini. Sina. Naweza kuswali mwenyewe nyumbani? Nianzie wapi?
Mama wa watoto wanne, Newala

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama yetu. Allah ampe mgonjwa shifaa. Unaweza, na haja ikiwa yako wewe ndiye mwenye kuiswalia. Ubani si sharti la swala hii wala hakuna bei yake. Kumwomba mtu mwema akuombee dua ni jambo zuri, lakini asikwambie kwamba bila yeye mlango umefungwa. Katika Baqara aya ya 186 Allah anasema Yeye yu karibu, anamjibu mwombaji anapomwomba.

Wakati bora ni theluthi ya mwisho ya usiku, na hesabu yake si ngumu. Tuseme Maghrib imeingia saa 12:20 jioni na Alfajiri inaingia saa 11:00. Usiku huo una saa 10 na dakika 40. Theluthi yake ni saa 3 na dakika 33. Toa hizo kwenye 11:00, unapata saa 7:27 usiku. Kwa aliyeshinda akiuguza mgonjwa, kuamka saa 10 kunatosha kabisa. Kama uliswali witri kabla ya kulala, swali rakaa zako bila kuirudia. Mchana pia inafaa, ila epuka baada ya Alfajiri mpaka jua lipande kiasi cha robo saa, jua linapokuwa utosini, na baada ya Alasiri mpaka litue.

Maji yasikuzuie. Tunajua huko juu ya uwanda ndoo ya maji ina thamani yake. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kama nusu lita hadi robo tatu. Jagi dogo linatosha ukimimina kidogo kidogo. Kibla kwetu Kusini ni kaskazini, karibu kabisa moja kwa moja, maana Makka iko karibu kwenye longitudo moja na sisi.

Nuia moyoni rakaa mbili za sunna ya haja. Soma Fatiha na sura yoyote unayoihifadhi. Ikhlas inatosha, wanaokwambia lazima sura fulani mara mia wamejiongezea. Kaa sana kwenye sijda, maana hapo ndipo mja yuko karibu zaidi na Mola wake. Baada ya tasbihi tatu sema: *Ya Hayyu ya Qayyum, birahmatika astaghith* (Ewe Uliye Hai, Msimamizi wa kila kitu, kwa rehema Zako naomba msaada). Hapa wengi wanakosea: wanaanza kumlilia Mola kwa Kiswahili ndani ya sijda. Katika madhehebu yetu ya Shafi, dua ya kujitungia kwa lugha isiyo Kiarabu inaharibu swala. Subiri utoe salamu.

Ukishatoa salamu, mhimidi Allah, mswalie Mtume, kisha soma dua aliyokuwa akiisoma dhiki inapomshika, waliyoipokea Bukhari na Muslim: *La ilaha illallahul-Adhimul-Halim, la ilaha illallahu Rabbul-arshil-adhim, la ilaha illallahu Rabbus-samawati wa Rabbul-ardhi wa Rabbul-arshil-karim.* Ongeza dua ya Nabii Yunus: *La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin.* Kisha ongea kwa Kiswahili au Kimakonde na utaje mambo kwa majina yake: ugonjwa, deni na kiasi chake, ada ya mtoto. Maliza kwa kumswalia Mtume.

Na mumeo aombe pia. Aweke mkono panapouma, aseme *Bismillah* mara 3, kisha mara 7: *A'udhu billahi wa qudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhir.* Dawa za hospitali asiache hata siku moja; Mtume mwenyewe ameamrisha tujitibu.

Jambo moja msifichwe. Hadithi mashuhuri inayoeleza swala ya haja kwa utaratibu wake ameipokea Tirmidhi, na yeye mwenyewe akasema mapokezi yake yana maneno, yaani yana udhaifu. Wanavyuoni wa Kishafi wameipendekeza hata hivyo, na msingi wa kutafuta msaada kwa subira na swala umo ndani ya Qur'ani, Baqara 45. Basi asikuahidi mtu kwamba utaamka asubuhi deni limelipwa. Dua hujibiwa madamu mwombaji hajafanya haraka akasema “nimeomba, sikujibiwa.” Wengi huacha wiki ya pili, hapo hapo.

Kwa aliyekukopesha salfa, nenda kabla hajakufuata, mpange upya tarehe na muandikishane. Aya ya 280 ya Baqara inamtaka ampe muda mwenye dhiki.

SWALI: Nina shida kubwa na niko kwenye hedhi. Nisubiri mpaka nitoharike?
Msichana, Nachingwea

JIBU: Usisubiri. Kilichozuiliwa ni swala. Dua, istighfari na kumswalia Mtume ni ruhusa saa zote. Amka usiku kama kawaida, kaa, elekea kibla, inua mikono. Dua ya Yunus ni aya, basi isome kwa nia ya kuomba.

SWALI: Nimeibiwa magunia mawili ya korosho kabla ya mnada. Namhisi jirani. Nisomeshe halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi?
Mkulima, Masasi

JIBU: Tunakushauri usifanye hivyo. Unahisi tu, hujaona. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Allah. Ukimwapiza asiye na hatia, wewe ndiye unayekuwa dhalimu. Swali rakaa mbili, uombe: “Ewe Mola, nirudishie haki yangu, na aliyechukua mwongoze airudishe.” Usitaje jina. Kisha peleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi, na uwaambie watunza ghala wa chama cha msingi idadi ya magunia na alama ulizoyawekea, mapema kabla mzigo haujachanganywa na wa wengine.